Nimechoma sindano wiki 10, mbona bado sifanani na yule wa kwenye simu yangu?

Shikamoo Anko,

Naomba jina langu lisitoke maana nikisomwa mtaani kwetu nimekwisha. Nina miaka 28, niko Tandika hapa Dar, nauza spea za pikipiki, nina mke na mtoto mmoja wa kike. Urefu wangu ni sentimita 172, hii naitaja kwasababu najua utauliza.

Nilianza kupiga chuma mwaka 2021 nikiwa na kilo 68, njiti kabisa, na jimu yenyewe ni ya uani, vyuma vyetu ni makopo ya rangi yamejazwa zege yakachomekwa bomba, benchi la mbao linalia kila ukilala, tukawa tunapiga tu kwa roho. Miaka mitatu na kitu nikafika kilo 74, mkono sentimita 37, watu mtaani wakaanza kuniita baunsa na mimi nikaanza kujisikia. Ila Anko kila nikishika simu namuona Chris Bumstead, yule bingwa wa kutunisha misuli, nimemweka mpaka kwenye skrini, afu nikienda kwenye kioo naona mimi ni yuleyule wa kilo 68, sijui hata hilo jina la baunsa wananiitia nini.

Kuna jamaa tunamwita kocha. Akaniambia mwili wako umegoma, bila kusukumwa hautoki hapo, ila nikikushika mimi miezi mitatu tu unakuwa kama huyo wa kwenye simu yako. Nikampa laki nne na nusu, nimeitoa kwenye mtaji, mke hajui mpaka leo. Ilikuwa sindano ya testosterone, ile homoni ya kiume, kila wiki kwa wiki 10, na vidonge vya Dianabol, navyo vya kujaza msuli, wiki sita za mwanzo. Tulikuwa watatu tunachangia chupa moja, kila mtu na sindano yake, anatuchoma nyuma ya jimu kwenye stoo.

Sitakudanganya, wiki ya nne nilijiona mfalme. Kilo zikafika 83, mkono 41. Mashati yakabana, mke wangu ni fundi cherehani akawa anayafungua kwapani anaongeza kitambaa huku anacheka. Chunusi zikajaa mgongoni, hizo sikujali. Chuchu ya kushoto ikaanza kuuma na ukibonyeza ndani kuna kitu kama gololi, hiyo nayo nikaipotezea.

Nikaacha kama tulivyopanga. Sasa ni mwezi wa nne tangu niache, niko kilo 77, mkono 38 na nusu. Usingizi mbovu, mwili mzito, hamu ya tendo imekata kabisa na mke analalamika, na hapo tunatafuta mtoto wa pili. Kila asubuhi kabla hajaamka nachukua futi yake ya kupimia nguo napima mkono, jioni napima tena. Januari na joto lote lile nilikuwa navaa sweta dukani. Mwaka mpya familia nzima ilienda Kigamboni kuogelea, mimi nikasema tumbo linauma nikabaki nyumbani.

Nimemfuata kocha nikamwambia mbona sijawa kama ulivyosema, akasema ile dozi ilikuwa ya kitoto, raundi hii tupige mara mbili na tuongeze trenbolone, laki nane. Hela ninayo, ni ya kodi ya fremu. Anko nikipiga mara mbili nitafika au sitafika? Na kama sitafika mwili wangu una shida gani, maana mwenzangu mmoja wa chupa ileile amejaa kuliko mimi na bado hajapungua sana. Usiniambie tu acha madawa, hayo nimeshayasikia, nataka unieleze mwili wenyewe.

Mpwa wako wa Tandika.

*

Marahaba mpwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu na karatasi, maana umenipa namba na watu hawanipagi namba, wananiambia tu "Anko nataka kujaa". Jibu la swali lako ni hapana, hutafika. Na mwili wako hauna shida yoyote ya kushindwa kujaa, shida unazo nyingine na tutazifikia.

Umeniandikia kama mtu aliyepigwa dawa feki au mtu ambaye dawa imemkataa. Mimi nakwambia dawa imekushika vizuri tu, kama inavyowashika wengi. Mwaka 1996 daktari mmoja Marekani anaitwa Shalender Bhasin na wenzake walitoa matokeo ya wanaume 43, wengine walichomwa testosterone miligramu 600 kila wiki kwa wiki 10, wengine sindano isiyo na dawa, na kila kundi likagawanywa, hawa wanapiga chuma hawa wamekaa tu. Waliochomwa na kupiga chuma waliongeza kilo 6 na kidogo za mwili usio na mafuta. Waliochomwa wakakaa tu, kama kilo 3. Waliopiga chuma bila dawa, kama kilo 2. Hao walikuwa wanapimwa na madaktari, chakula kimesimamiwa, dawa ni ya kweli.

Sasa tuje kwako. Kwenye kilo 74 nakukadiria ulikuwa na mafuta asilimia 13 hivi, maana unasema watu waliona mwili. Hapo una kama kilo 64 na nusu zisizo mafuta. Kwenye 83, na zile Dianabol zinavyoshika maji mwilini, na uso ule wa mviringo ambao hujausema ila naujua, nikukadirie asilimia 16, unabaki na karibu kilo 70. Yaani umeongeza kilo 5 na kitu. Palepale walipofika wale wa kwenye utafiti! Hukuonewa. Ulipata mzigo wako kamili, ila ulikuwa umeahidiwa mzigo wa mtu mwingine.

Na hilo la mara mbili, Bhasin huyohuyo alilipima, majibu yakatoka mwaka 2001, safari hii wiki 20, dozi tofauti tofauti. Waliopewa miligramu 125 kwa wiki waliongeza kama kilo 3.4, wa 300 wakaongeza 5.2, wa 600 wakaongeza 7.9. Angalia hapo kwenye 300 na 600. Dozi imekuwa mara mbili kamili, ongezeko ni kilo 2.7 tu juu, na ile kolesteroli nzuri inayosafisha mishipa ndo ikaporomoka zaidi kwa hao wa dozi kubwa. Kwahiyo kocha anakuuzia laki nane za kilo mbili na nusu ambazo nazo zitaondoka ukiacha, kama zile za kwanza zilivyoondoka. Afu trenbolone, mpwa, ni kitu ambacho Marekani wanawawekea ng'ombe ili waongeze nyama kabla ya kuchinjwa. Sisemi zaidi hapo.

Sasa huyo wa kwenye simu. Bumstead kachukua taji la kundi la Classic Physique kwenye Olympia, mashindano makubwa kabisa ya kutunisha misuli, mara 6 mfululizo, 2019 mpaka 2024, afu akastaafu. Urefu wake ni sentimita 185 au karibu na hapo, wewe 172. Alikuwa anapanda jukwaani na zaidi ya kilo 100 akiwa amekauka, yaani mafuta karibu hakuna. Dawa mwenyewe hajaficha kwamba anatumia, na figo zake zilishamlaza hospitali mwaka 2018. Ila ukimtoa dawa zote leo bado atakuzidi mabega, kwasababu mabega yake ni mifupa. Mfupa wa mtulinga hauongezwi na sindano ukishakuwa mtu mzima. Upana wa nyonga haupunguzwi. Na mahali msuli unapoanzia na kuishia kwenye mfupa ulizaliwa nako.

Fanya hivi sasa hivi, usingoje. Kunja mkono wa kulia kiwiko kiwe pembe mraba, kaza, afu chukua vidole vya mkono wa kushoto vilaze kwenye ile nafasi kati ya mkunjo wa kiwiko na pale msuli unapoanza. Kikiingia kidole kimoja, msuli wako ni mrefu, ukijaa utajaa mkono mzima. Vikiingia viwili au vitatu, msuli ni mfupi, utakuwa na kilima katikati na tambarare pembeni, hata uchomwe pipa zima. Hakuna ubaya kwenye hilo, wapo wa vilima wanapendeza sana, ila hutatoka kilima ukawa mto.

Mimi nayajua haya kwa miguu yangu. Mwaka 2003 nilikuwa na umri kama wako, nikachoma kama ulivyochoma wewe, tena zaidi, nikaingia shindano la mkoa. Kifua nilikuwa nacho, mgongo nilikuwa nao, ila miguu chini ya goti, mpwa, ilikuwa ya kunguru. Msuli wa nyuma ya mguu kwangu unaishia juu kabisa karibu na goti, chini ni mshipa na mfupa. Nilipiga kalfu kila siku ya Mungu, nilipanda ngazi nimebeba gunia la mchanga, nilichoma. Nikashika nafasi ya nne. Wa kwanza alikuwa kijana mvuvi, kajazia wastani tu, lakini amegeuza mgongo ukumbi ukaripuka, kiuno kama cha nyigu, miguu kama chupa za soda zimegeuzwa. Nilimuuliza miguu anapigaje akaniambia hapigi, anavuta nyavu tu. Nililia nyuma ya pazia, mafuta ya nazi yanatiririka mpaka kwenye macho. Tena niliamini dozi ndo ilikuwa ndogo, nikaongeza. Miguu haikuongezeka.

Kuna hesabu moja wapiga chuma wanaipenda. Chukua kilo zako zisizo mafuta, gawanya kwa urefu wako kwa mita mara urefu. Watafiti mwaka 1995 walipima wanamichezo wanaotumia steroidi, yaani dawa za aina hizi zenu za kujaza msuli, na wasiotumia, wasiotumia wakagota kwenye kama 25, watumiaji kadhaa wakapita hapo, wengine mpaka 30 na zaidi. Wewe ulipokuwa kilo 83 na sindano zako zote ulikuwa kama 23 na nusu. Leo uko kama 22. Ronnie Coleman mwaka 2003 alipanda na kilo kama 130 kwa urefu wa mita 1.80, yaani anapita 35. Yule alikuwa polisi Texas, kachukua Mr. Olympia mara 8 kuanzia 1998 mpaka 2005, na sasa hivi baada ya operesheni kibao za mgongo na nyonga kutembea kwake ni kwa magongo na kiti. Simtaji kukutisha, maana mwenyewe amesema hajutii na mimi namheshimu. Nakuonyesha umbali. Kutoka 23 kwenda 35 si swala la chupa ya pili, ni mtu mwingine kabisa, na hata kati ya maelfu ya watu wanaochoma dunia nzima anayefika pale ni mmoja mmoja.

Umeniuliza kuhusu mwenzako wa chupa moja. Kwanza vipokezi vya homoni mwilini mwa kila mtu havifanani, ndo maana hata kwenye utafiti wanakupa wastani. Pili hujui yeye alikuwa wapi kabla, mtu aliyewahi kuwa na mwili akaupoteza anarudi haraka kuliko anayejenga mara ya kwanza. Tatu, na hii usikasirike, una uhakika gani kwamba ameacha? Asiyepungua mwezi wa nne mara nyingi hajaacha. Mwaka 2022 kulikuwa na Mmarekani mmoja Brian Johnson, anajiita Liver King, alijaza watu kwamba mwili wake ni maini mabichi na maisha ya porini, baruapepe zake zikavuja, kumbe zaidi ya dola 11,000 kwa mwezi zinaenda kwenye dawa, akatoka hadharani kukiri. Kama yule aliweza kudanganya mamilioni ya watu, jamaa wa Tandika atashindwa kukudanganya wewe?

Na picha zenyewe. Ile unayoiangalia saa tano usiku kitandani imepigwa siku moja, tena dakika chache za siku hiyo. Mtu amekula kwa mizani miezi minne, maji kayachezea, wanga kaupakia usiku, kapakwa rangi, kapiga vyuma vya haraka nyuma ya jukwaa msuli uvimbe, taa zinatoka juu. Wiki mbili baadaye mwenyewe hafanani na picha yake. Andreas Munzer wa Austria alisifika dunia nzima kwa ngozi iliyokuwa kama karatasi juu ya msuli, Machi 1996 akafa ana miaka 31, siku chache tu baada ya mashindano. Hao wanaokaa kavu kwa muda mrefu ni wachache na wengine hawakai sana.

Nisiipite ya moyo kwasababu kocha hatakwambia. Mwaka 2017 madaktari walilinganisha wapiga chuma 140, wapo waliotumia steroidi miaka 2 au zaidi na wapo ambao hawajatumia. Kwa wasiotumia moyo ulikuwa unasukuma nje kama asilimia 63 ya damu iliyoingia, kwa watumiaji 52. Mwaka huohuo Dallas McCarver, mpiga chuma mkubwa wa Marekani, alifariki na miaka 26, moyo wake ukakutwa una zaidi ya gramu 800, wakati wa mwanaume wa kawaida ni 300 na kitu. Moyo nao ni msuli, unajaa kama mingine, ila huo ukijaa haupendezi.

Sasa nikuulize mimi. Mtaa mzima unakuita baunsa, mashati yanapasuka kwapa, we unavaa sweta Januari Dar es Salaam. Sweta mpwa! Mtoto wako kaenda kuogelea bahari bila baba yake. Unapima mkono mara mbili kwa siku, utadhani unapima homa. Hii kitu ina jina hospitalini, wanaiita muscle dysmorphia, miaka ya 90 daktari Harrison Pope wa Marekani aliieleza kwa wapiga chuma, mwanzo walifananisha na ule ugonjwa wa wasichana wanaojinyima kula wakijiona wanene, ila huku imegeuzwa, mtu kajaa anajiona mwembamba. Mtu mwenye hii akichoma kilo 5 anataka 10, akipata 10 anaona yule wa kwenye kioo ni yuleyule. Wewe mwenyewe umeandika, kwenye kilo 74 ulijiona wa 68. Naamini kwenye 83 nako siku zingine ulijiona wa 68, nidanganye. Hapo dozi inaongezwa kwenye mwili wakati kinachoumwa ni kioo.

Twende kwenye yale ya haraka, na hapa nisikilize kama unavyomsikiliza baba yako.

Ukichoma testosterone ya nje ubongo unaona imejaa, unaamuru korodani zipumzike, na mbegu zinapungua, wengine zinaisha kabisa. Ukiacha, kiwanda hakiwaki siku hiyohiyo, kinachukua miezi, kwa wengine mwaka na zaidi. Ndo maana hamu imekata, usingizi umeharibika na mwili ni mzito, sio kwamba umerogwa na sio kwamba mkeo amekuchosha. Ukianza raundi ya pili sasa hivi unakizima tena kikiwa ndo kinajaribu kuwaka, na huku mnatafuta mtoto. Mimi nilisubiri mtoto miaka miwili baada ya ule ujinga wangu, na miaka yote miwili mke wangu ndo alikuwa anaenda kupimwa, anakunywa dawa za miti, mama yangu anamwangalia vibaya, mimi nimenyamaza na siri yangu. Hilo ndo linaniuma mpaka leo, miguu nilishaisamehe.

Kwahiyo wiki hii nenda hospitali, usiende duka la dawa, wala usinunue vile vidonge vya "kurudisha" ambavyo kocha atakuuzia. Mwambie daktari ukweli wote, dawa gani, wiki ngapi, hatakupeleka polisi. Omba upimwe presha, testosterone na zile homoni zinazoiamuru, kolesteroli, ini, figo, wingi wa damu, na mbegu. Hiyo gololi kwenye chuchu lazima ishikwe na daktari, ikikaa sana dawa haziiondoi inabaki kisu. Moyo nao uangaliwe, wakiona sababu watakuandikia kipimo cha kuupiga picha, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanafanya. Na kwasababu chupa ilikuwa moja watu watatu, pima ukimwi na homa ya ini B na C, haijalishi kila mtu alikuwa na sindano yake, iliyoshatumika ikirudi kwenye chupa mara moja tu chupa imeharibika. Hivi ile chupa uliwahi kuigeuza ukasoma ilitengenezwa wapi, ina usajili wa TMDA, ile mamlaka ya dawa? Stoo ya jimu haina taa, najua. Na kama huo uzito wa mwili unaambatana na mawazo ya kutotaka kuishi, hiyo mwambie daktari kabla ya yote, homoni ikianguka inawapelekaga watu huko.

Na mke umwambie. Hela ya mtaji utaomba msamaha, ila la mtoto asilibebe peke yake.

Ukweli wa mwili uliouomba ni huu. Kutoka kilo 68 mpaka 74 ulienda mwenyewe, na makopo ya zege, na zile kilo 6 ziko mwilini mpaka leo, hakuna aliyezichukua. Za sindano zilikuwa 9 kwenye mizani, zimebaki 3, na kati ya hizo 3 sehemu ni mafuta. Kwa urefu wako na kasi uliyokuwa nayo, ukiniuliza mimi lengo la kweli ni kilo 79 mpaka 80 ukiwa umekauka kidogo, ndani ya miaka kama minne mitano mingine. Hapo utakuwa na nyama karibu ileile uliyokuwa nayo kwenye kilo 83 ulipojiona mfalme, tofauti ni kwamba haitaondoka. Mkono labda 40. Hutakuwa Bumstead. Utakuwa mtu ambaye akivua shati Kigamboni watu wanageuka mara moja afu wanaendelea na mihogo yao.

Nimegundua kitu kingine, barua nzima hujataja chakula hata mara moja! Dawa umezitaja, sentimita umezitaja, kula hakuna. Mtu wa kilo 77 anataka protini kama gramu 120 kwa siku, na yai moja lina kama 6, kwahiyo ugali na mchicha peke yake haujengi ukuta. Mayai manne, dagaa wa kutosha, maharage, maziwa, siku ukiweza samaki au kuku. Hiyo laki nane ilipe kodi ya fremu kwanza, afu kiasi kidogo kila mwezi kiende kwenye trei za mayai. Miezi hii miwili punguza uzito wa vyuma kidogo, lala masaa nane kila usiku, usitegemee rekodi, mwili unajirekebisha na nguvu zitashuka kidogo kabla hazijapanda. Ikishuka mkono mpaka 38 usipige kelele.

Kocha usigombane naye. Mwambie tu umeambiwa na daktari, na wala hautakuwa uongo kama utaenda Jumatatu. Ukimwona anamwahidi dogo mwingine miezi mitatu, mpe huyo dogo hesabu zangu za hapo juu.

Picha ya Bumstead itoe kwenye skrini uweke ya binti yako. Majibu ya hospitali yakitoka niandikie, niandikie namba kama ulivyofanya, nitachukua kalamu tena. Na ile futi mrudishie mama mtoto leo kabla hajaitafuta, ana mashati ya watu anashona.